Kiti cha Jumamosi

"Usinishike! Nimesema usinishike na hiyo mikono ya Kasulo!"

"Glodie, sikiliza basi. Bantu banatuangalia."

"Baangalie! Bapige na picha!"

Na watu walikuwa wakiangalia kweli. Saa kumi alasiri kituo cha pikipiki cha soko la Dilala hujaa kupita kiasi. Kuna wauza mihogo, kuna wafanyakazi wa migodi wanaoshuka kwenye mabasi na kofia ngumu mkononi, kuna pikipiki zinazopiga honi bila sababu. Katikati ya fujo hiyo Glodie Mwenze alikuwa amesimama na gauni lake la kikwembe cha njano chenye ndege wa buluu, nywele zimesukwa upya, mkoba wa madaftari begani. Alikuwa mwalimu wa darasa la tano, na sauti yake ilikuwa imezoea kufika benchi la nyuma.

Mbele yake alisimama Kisimba, mchumba wake wa miaka mitatu, fundi mwashi mrefu mwenye mabega mapana. Ovaroli yake ilikuwa imejaa udongo mwekundu, hata nyusi zake zilikuwa nyekundu. Kwapani alikuwa amebana magunia matano matupu.

"Guelord," Glodie alimgeukia dereva wa pikipiki aliyemleta Kisimba. "Sema tena vile umesema."

Guelord alivua kofia, akajikuna kichwa. "Madamu, mi sikujua ni siri. Nimesema tu namupeleka Kasulo kila siku baada ya kazi. Na magunia."

"Kila siku tangu lini?"

"Aa... tangu mwaka jana. Hapana, mwaka juzi."

"Guelord, nyamaza," alisema Kisimba.

"Asinyamaze! Ni mwanaume mumoja tu hapa anasema kweli, na ni yeye!"

Madereva wengine walicheka. Guelord alivaa kofia yake haraka.

Kolwezi nzima inajua gunia la Kasulo maana yake nini. Kasulo ni mtaa ambao watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, jikoni, chumbani, chini ya kitanda cha watoto. Ukimwona mtu ametoka huko na udongo mwilini na gunia mkononi, humwulizi amekwenda kufanya nini. Baba yake Glodie, mzee Mwenze, aliingia kwenye shimo moja la Kasulo miaka sita iliyopita, likamfunika. Wiki ya kwanza kabisa ya uchumba Glodie alimwambia Kisimba maneno mawili. La kwanza, siolewi na mtu anayechimba. La pili, mguu wangu haukanyagi Kasulo mpaka nife. Kisimba alitikisa kichwa kukubali yote mawili.

"Mi sichimbi," alisema sasa.

"Basi unafanya nini kule?"

Kisimba alihamishia magunia kwapa la pili. Kisha akasema kwa upole, "Nipe wiki mbili tu, sheri. Nitakuonyesha kila kitu. Unajua banasema..."

Akaanza ule usemi wa subira. Hakuna haja ya kuuandika hapa, kila nyumba inao, kama si kwenye kalenda ni kwenye kikwembe cha mama mkwe. Kisimba alikuwa ameutumia mara nyingi mno katika miaka mitatu. Glodie alipouliza lini utakuja kwa mama kupiga hodi, alijibiwa usemi. Alipouliza tutaishi wapi, usemi. Hata madereva wa kituo walikuwa wameukariri, na safari hii wakaumalizia wote kwa pamoja kama wimbo wa kanisani.

Soko likacheka. Glodie hakucheka.

"Unajua ulitoka wapi huo usemi?"

"Hapana."

"Ndiyo maana unautumia vibaya. Simama hapo, nikufundishe. Baba ndiye alinielezea." Akaweka mkoba chini. "Zamani, kabla ya kampuni, kabla ya reli, bantu ba hapa baliyeyusha shaba mu tanuru ya udongo wa kichuguu. Na ukitaka muke, ulileta musalaba wa shaba. Sivyo?"

"Ndivyo, madamu," akajibu dereva mmoja.

"Kulikuwa wanaume batatu, banataka binti mumoja. Kila mumoja akajenga tanuru yake, akajaza mawe na makala, akawasha. Wa kwanza alikuwa na haraka. Jioni ile ile akavunja tanuru, akakuta jiwe nusu bichi. Kazi yote, bure. Wa pili akasema, mi si mujinga kama huyu, mi nitangoja. Akakaa mbele ya tanuru, mikono mu mapaja, akangoja siku mbili."

"Akapata?" aliuliza Guelord.

"Atapata nini? Moto ulizimika! Wa tatu alingoja vilevile siku mbili, lakini alizingoja ku mivukuto. Anapuliza, anaongeza makala, anapuliza tena, mikono inatoka malengelenge. Ndiye alipata shaba. Ndiye alimimina musalaba, akaoa. Bantu bakatunga usemi juu yake. Wale hawakuwako balisikia tu kwamba alingoja. Mivukuto, baliisahau."

Alimgeukia Kisimba, na sauti ikashuka.

"Wewe ni yule wa pili. Miaka mitatu mikono mu mapaja. Na sasa naona hata hapo nilikuhurumia, maana mikono ilikuwa mu shimo. Sikiliza vizuri. Tata Mathieu, karani wa ku ofisi ya kivuko, ameomba mara mbili kuleta jamaa yake ku mama, baniombe. Nilimukatalia mara mbili kwa ajili yako. Sasa baje Jumamosi."

"Jumamosi hii? Kesho kutwa?"

"Unajua kuhesabu siku. Vizuri."

Alipanda pikipiki ya dereva mwingine, si ya Guelord, akaondoka. Kisimba alibaki na magunia yake matano. Hapo hapo walipoachana ndipo walipokutana, miaka mitatu nyuma, mvua ikinyesha kama imefunguliwa bomba, wote wawili wameshika pikipiki moja, kila mmoja akisema ni yake. Waliipanda wote wawili, na walipofika kwa Kisimba, yeye alikataa kushuka mpaka Glodie afikishwe nyumbani kwanza. Guelord ndiye aliyewaendesha, na sasa alitazama pembeni kama aliyevunja sahani ya mtu.

Jioni hiyo Kisimba alipiga simu mara kumi na nne. Mara ya kumi na tano Glodie alipokea.

"Nini?"

"Roho yangu..."

"Roho yako iko Kasulo. Ipigie kule."

Akakata.

Nyumbani, katika nyumba ya zamani ya kampuni pale Dilala, mama yake alikuwa na furaha isiyofichika. Adolphine alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa mikono na mwepesi wa maneno. Miaka mitatu amekuwa akiulizwa na majirani huyo mwashi anajenga nini kisichokwisha, na hakuwa na jibu. Habari ya Mathieu ilipothibitishwa, alideki nyumba mara mbili, akafua mapazia, akamwita kaka yake Kazadi kutoka Lubudi, mstaafu wa reli aliyekuwa anasimamia njia za treni kwa miaka thelathini. Kazadi alifika Ijumaa asubuhi na begi lake la ngozi na jogoo.

Kisha Adolphine akatoa kiti.

Katika jamaa yao mwanaume anayekuja kuomba binti hupiga hodi na kusimama mlangoni. Anaulizwa akiwa amesimama. Akipewa kiti, amekubaliwa, mambo mengine yote yatazungumzwa kwa furaha. Asipopewa, anaaga kwa adabu na kwenda zake. Adolphine alikuwa na kiti kimoja cha mbao ya mninga, alichokalia marehemu mumewe siku aliyokuja kumwomba. Alikipaka mafuta, akakiwekea mto mpya uliotariziwa maua, akakisimamisha sebuleni kama bwana harusi.

Kazadi, amechoka na safari, akataka kukikalia.

"Ee! Inuka! Hicho ni cha Jumamosi!"

"Adolphine, mi ni kaka yako."

"Kaka yangu utakalia benchi."

Glodie alitazama kile kiti, akakipa mgongo. Akaingia chumbani, akafungua sanduku. Humo mlikuwa na saa ya mkononi, ya rangi ya dhahabu, zawadi ya Kisimba. Angeweza kuituma kwa mtu. Angeweza kuiacha kituoni. Lakini hasira ya Glodie ilikuwa hasira ya mwalimu, ilitaka kumaliza somo. Alitaka kuitupa saa ile ndani ya shimo lenyewe, mbele ya macho ya Kisimba, aisikie ikigonga chini.

Saa tisa alasiri alikuwa kituoni.

"Guelord. Nipeleke kule unamupelekaka Kisimba."

"Kasulo? Madamu, ulisema mpaka ufe."

"Endesha, usinikumbushe."

Alifumba macho walipoingia mtaani. Alipoyafumbua, aliona nyumba zilizobanana, mahema ya turubai ya rangi ya chungwa nyuma ya kuta, ardhi iliyogeuzwa kama shamba la viazi. Alishuka. Mbele ya nyumba moja ya matofali yenye bati jipya alikaa mama mmoja wa makamo, mtandio wa kijani kichwani, vikwembe vimepangwa kwenye meza mbele yake. Alimwangalia Glodie kutoka juu mpaka chini.

"Gauni ya njano, ndege ya buluu. Wewe ndiye Glodie."

"Unanijua?"

"Mi ni mama Bilkisi. Wazazi bangu balitoka Kasongo, lakini mi nimezaliwa hapa hapa. Huyo kijana wako ananisumbua masikio miaka miwili. Glodie anapenda dirisha kubwa, Glodie anapenda jiko lenye mwanga. Nilidhani wewe ni mutu wa kuota tu, huna mwili." Akacheka, kisha akaona saa mkononi mwa Glodie na uso wake. "Umekuja na vita."

"Nimekuja kuona shimo."

"Shimo?" Mama Bilkisi alisimama. "Basi ingia, mwanangu. Ingia utafute shimo. Ukilipata uniite, nami nalitafuta."

Kutoka ndani ulisikika mshindo mzito, du, du, du. Glodie alisukuma mlango.

Chumba kilikuwa kikubwa, kina dirisha kubwa. Katikati Kisimba alikuwa anapiga ardhi kwa chuma kizito chenye mpini mrefu, jasho linatiririka. Kando yake kulikuwa na toroli na magunia mawili yaliyojaa udongo. Hapakuwa na shimo. Sakafu yote ilikuwa ya udongo mwekundu, ngumu, imenyooka kama meza.

Kisimba alimwona, chuma kikamwanguka.

"Glodie. Umekanyaga Kasulo."

"Liko wapi?"

"Nini?"

"Shimo, Kisimba!"

Alionyesha chini, pale walipokuwa wamesimama wote wawili. "Hapa. Lilikuwa hapa. Nyumba ni ya marehemu mama yangu. Aliipangisha alipokuwa mugonjwa, na mupangaji akachimba hapa chumbani, akaenda chini mita kumi na nane, kisha pembeni. Mama alipokufa mupangaji akakimbia. Mi nikarithi nyumba juu ya tundu."

"Na magunia?"

"Yanaingia yamejaa, yanatoka matupu. Udongo natoa ku kazi, ile tunachimba ya misingi ya nyumba za bantu. Patroni wa kazi aliniruhusu."

Glodie alikumbuka magunia matano kwapani. Matupu. Mtu mzima mwenye diploma, amesimama sokoni akipiga kelele juu ya magunia matupu, na hakujiuliza mchimbaji gani hurudi na gunia tupu. Hakuna aliyejiuliza, si yeye, si Guelord, si soko zima. Hapa hakuna mtu aliyewahi kuona udongo ukirudishwa.

"Siwezi kumwaga tu yote mara moja," Kisimba aliendelea. "Ukimwaga, inajaa haraka, lakini mvua ikinyesha inazama, na nyumba inazama nayo. Lazima utie kidogo, ushindilie, utie tena. Kisha ungoje mvua ione kazi yako. Angalia."

Ukutani kulikuwa na mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja na tarehe. Glodie aliisoma kama anasahihisha daftari. Mwaka juzi, mwezi wa tano. Mwezi wa nane. Mvua ya kwanza, na mshale unaoonyesha udongo ulishuka kiasi cha mkono mzima. Tena kujaza, tena kushindilia. Mvua ya pili, ulishuka kidole. Mistari miwili ya mwisho ilikuwa imekaa moja juu ya nyingine kiasi kwamba ilionekana mstari mmoja mnene. Mvua za mwaka huu zimepita, na udongo haukushuka hata kidogo.

"Leo napiga mara ya mwisho," alisema Kisimba. "Kisha wiki mbili ya kumimina saruji. Nilitaka nikuletee ufunguo, si tundu."

Glodie alimsogelea. Alichukua mikono ya Kisimba, ile aliyoikataa sokoni, akaigeuza. Viganja vilikuwa vigumu kama ngozi ya ngoma, na malengelenge mapya juu ya makovu ya zamani.

"Kumbe ulikuwa ku mivukuto," alisema.

"Nilitaka kukuambia pale sokoni. Lakini ulikuwa unafundisha."

"Usinichekeshe, bado nina hasira." Na alikuwa nayo kweli. "Mbona hukuniambia tangu mwanzo?"

"Uliapa, Glodie. Ningesema Kasulo, ungesikia neno hilo moja tu."

"Ningekuchukia wiki moja! Wiki ya pili ningekuja kubeba udongo. Wewe uliona ni afadhali nikae miaka mitatu na usemi wa kalenda. Kazi yako ni nzuri. Kunyamaza kwako ni kubaya. Sema kwamba ni kubaya."

"Ni kubaya."

"Hutarudia."

"Sitarudia, madamu."

Alisogea katikati ya chumba, juu kabisa ya pale palipokuwa na tundu. Aliweka mguu mmoja, polepole, kama mtu anayejaribu maji ya moto. Akaweka wa pili. Alimfikiria baba yake, akafuta macho kwa mkono. Kisha akavua viatu, akaruka. Mara moja, mara mbili, mara tatu, gauni la njano likipepea na shanga za nywele zikigongana. Ardhi haikutikisika.

Mlangoni mama Bilkisi alipiga vigelegele.

Glodie alivaa saa mkononi, akatazama. Saa tisa na dakika arobaini. Akatoa simu.

"Alo, Tata Mathieu? Ni Glodie. Usilete bantu kesho... Hapana, hakuna mugonjwa. Nimepata jibu nililokuwa nalitafuta, na jibu si wewe. Wewe ni mutu mwema na nilikukosea kukuita nikiwa na kisirani. Nisamehe... Ndiyo, nina hakika. Nimeruka juu yake mara tatu... Haidhuru, hutaelewa. Aksanti, Tata Mathieu."

Alikata. "Twende."

"Wapi?" aliuliza Kisimba.

"Kupiga hodi kwa mama."

"Sasa? Niko hivi?"

"Hivyo hivyo."

"Sheri, nioge kwanza. Nitafute wazee ba kuniongoza. Subi..."

"Maliza hilo neno nikuzike hapa chini, nimeona udongo unashika vizuri."

Mama Bilkisi alikuwa ameshafunika meza yake. Alichomoa kikwembe kizuri kuliko vyote, cha zambarau, akakikunja chini ya mkono. "Wazee gani? Mi ndiye muzee wake. Nimekula vumbi la huyu mutoto miaka miwili, nina haki ya kusema." Akampigia kelele Guelord aite mwenzake, na pikipiki mbili zikaondoka Kasulo zikipiga honi, safari hii kwa sababu.

Adolphine alikuwa barazani anapepeta mchele wa Jumamosi. Aliona pikipiki, akaona binti yake, akaona mama asiyemjua na mtandio wa kijani, mwishoni akaona mtu mwekundu kama tofali.

Kisimba alishuka. Alisimama mlangoni, akajipangusa uso, jambo lililouzidishia udongo.

"Hodi," alisema.

Kazadi alitoka na gazeti mkononi, akasimama karibu na dada yake.

"Wewe ndiye mwashi asiyemaliza?" aliuliza.

"Ndiyo, tata. Lakini nimemaliza leo."

Mama Bilkisi alieleza yote, haraka na kwa sauti, shimo, mupangaji, magunia, mvua tatu. Aliposema Kasulo, ungo ulianguka mikononi mwa Adolphine na mchele ukamwagika. Aliposema shimo limejazwa, Adolphine alishika nguzo ya baraza.

Kazadi hakumtazama dada yake. Alimtazama Kisimba kama alivyokuwa akitazama vijana wa reli.

"Ulikuwa unatia safu ya unene gani?"

"Kiganja kimoja, tata. Kisha nashindilia mpaka chuma kinaruka."

"Mashimo ya pembeni?"

"Niliteremka na kamba, nikayaziba na mawe kwanza. Ndipo nikaanza chini."

"Udongo mukavu au wenye maji?"

"Unyevu kidogo. Unaofinyangika mu mukono, lakini hautoi maji."

"Mvua ya kwanza ilishuka?"

"Mukono muzima."

"Ya pili?"

"Kidole."

"Na hizi zimepita sasa?"

"Haikushuka, tata. Niko na mistari ku ukuta. Kuja uone."

Kazadi alikunja gazeti lake mara nne. "Miaka makumi tatu natandaza kokoto chini ya reli," alisema, "na niliona mainjinia wenye miwani hawana subira ya kungoja mvua tatu." Akamgeukia dada yake. "Adolphine. Huyu mutu amefunga shimo. Unasikia? Shimo moja la Kasulo haliwezi tena kumeza mume wa mutu."

Adolphine aliiachia nguzo. Alimtazama Kisimba muda mrefu, viatu, magoti, mikono. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku.

"Vua hivyo viatu. Nimedeki mara mbili." Akageukia ndani. "Muletee mutu kiti."

Hakumaliza kusema. Glodie alikuwa ameshatoka sebuleni amekibeba kile kiti cha mninga, ameutupa ule mto wa maua benchini, na amekiweka chini ya Kisimba kwa nguvu kiasi kwamba alikaa kabla hajajua amekaa.